Ombi la Mpangaji wa Langas Kutajwa kwenye Hotuba

Chumba Nambari 9,
Ploti ya Geti Jeusi,
Langas, Eldoret.

Julai 2025

Kwa Idara ya Serikali ya Nyumba na Ustawi wa Miji,
Ardhi House, Nairobi.

Kupitia kwa: waheshimiwa wote wenye maikrofoni

Waheshimiwa,

KUH: KUTAJWA KWA MPANGAJI

Nawaandikia nikiwa mzima na kodi ya mwezi huu ikiwa imelipwa, mambo mawili ambayo hapa Langas hayakutani kila mwezi. Msishtuke, siombi nyumba. Nyumba mmekwisha kuniahidi, tena zaidi ya mara moja, na kumkumbusha mkubwa ahadi yake ni utovu wa adabu. Ombi langu ni dogo. Halihitaji saruji, zabuni wala mkandarasi. Naomba sentensi moja tu. Mtakapokuja Eldoret tena kutuhutubia juu ya nyumba, mahali popote patakapowafaa katika hotuba, mtaje mpangaji.

Nimezisikiliza hotuba zenu kwa makini ya mtu anayezilipia. Nazilipia kweli: kila mwisho wa mwezi asilimia 1.5 ya mshahara wangu hufika kwenu kabla haijanifikia mimi, na mwajiri wangu huongeza asilimia 1.5 yake huku akinikodolea macho, utadhani ni mimi niliyepiga kura ya ndiyo bungeni. Kwa hiyo nisikilizapo, nasikiliza mali yangu.

Na zimejaa watu, hotuba hizo. Yumo kijana aliyepata kibarua kwenye mjengo. Yumo fundi wa jua kali anayetengeneza milango na madirisha. Yumo mama anayekabidhiwa ufunguo wa urefu wa mkono, ufunguo usioingia kitasa chochote kilichowahi kutengenezwa. Yumo mwekezaji, na wakati mwingine mti uliopandwa siku ya kuweka jiwe la msingi hupata aya nzima. Mpangaji hayumo. Akitajwa, hutajwa dakika ile ile anapofunga virago kuhamia kwake, yaani dakika anapoacha kuwa mpangaji. Kabla ya hapo hamjamwona.

Ajabu ni kwamba ndiye anayewapigia makofi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 475,716 katika mji huu, na ikaonyesha kwamba katika miji ya Kenya karibu kaya nne kati ya tano zinaishi kwenye nyumba za kupanga. Mnaposimama juu ya gari pale 64 Stadium au kando ya Barabara ya Uganda, hao wanaowaangalia kutoka chini karibu wote wana landilodi. Mnawauliza kama wanataka kumiliki nyumba, nao wanaitikia kwa kishindo. Nani atakataa nyumba? Lakini sijasikia hata mmoja wenu akiwauliza wanalipa kodi kiasi gani.

Mimi ni karani wa stoo katika hadiwea moja mjini. Nahesabu saruji, nondo, misumari na mabati tangu saa mbili asubuhi, na kazi hii imeniharibu kidogo: siwezi kusikia nambari bila kutaka kuona mzigo wenyewe. Nambari zenu nimezipenda. Sera ya nyumba ya mwaka 2004 ilitaka nyumba 150,000 mijini kila mwaka. Desemba 2017, katika zile Ajenda Nne Kuu, tukaahidiwa nyumba 500,000 ndani ya miaka mitano. Muda ulipokwisha zikawa zimekamilika chache sana, nyingi za kupigiwa picha zikiwa pale Park Road, Ngara, nyumba 1,370. Mwaka 2022 ikaja manifesto ya walioshinda: nyumba 250,000 kila mwaka, na mikopo ya kununulia nyumba ipande kutoka 30,000 hadi milioni moja. Kwenye stoo yetu, karani akiandika kwamba imeingia mifuko 500 na wakaguzi wakakuta michache, mwezi unaofuata haandiki 1,000. Anaandika barua ya kujieleza. Nyinyi mmebuni njia bora zaidi, na nimejaribu kumshawishi bosi aiige, akakataa.

Nisije nikaitwa mpinga maendeleo. Mukuru, Nairobi, tarehe 20 Mei 2025, watu walikabidhiwa nyumba 1,080, na wako waliotoka kwenye vibanda vya mabati wakaingia mahali penye choo cha ndani na maji ya bomba. Hilo si jambo la kuchekwa. Hapa kwetu pia mradi wa Pioneer unajulikana kwa kila dereva wa bodaboda. Nyumba zinajengwa, nakubali. Lakini kwa kila anayeingia, wako maelfu wanaobaki kwenye ploti wakichangia ufunguo wa mwenzao, na hao ndio nataka wapewe ile sentensi.

Hebu turudi kwenye ile mikopo 30,000, kwa sababu nambari hiyo inaeleza mengi kuliko hotuba. Katika nchi yenye kaya zaidi ya milioni kumi na mbili, akaunti zote za mikopo ya nyumba kwenye benki ni kama elfu thelathini, na mkopo wa wastani unapita shilingi milioni nane. Riba ni ya tarakimu mbili. Huo ndio mlango wa kumiliki nyumba ambao mnatuelekeza kwa mkono. Kuna mlango mwingine, mdogo, wa ndani: wabunge wana mfuko wao wa mikopo ya nyumba, hadi shilingi milioni 20, kwa riba ya asilimia 3. Siwaonei wivu. Nataka tu kueleza kwa nini mtu akishapitia mlango huo huanza kusema kwamba kumiliki nyumba ni suala la nia na bidii.

Sasa ngoja niwaambie nani hasa anajenga, maana mimi ndiye ninayewakatia risiti. Ni mwalimu wa shule ya msingi aliyechukua mkopo wa sako, ananunua nondo leo na kokoto baada ya mavuno ya mahindi. Ni mlinzi wa usiku anayelipia mabati kumi kumi na kutuachia tumtunzie hadi atakapopata ya mbao. Ni mama wa mitumba aliyepokea zamu yake ya chama, akaja na pesa zote kwenye mfuko wa plastiki, akasimama juu yangu nikihesabu mifuko ya saruji. Nyumba ya Mkenya hujengwa chumba kwa chumba, kwa miaka, na mara nyingi si hapa mjini. Ni kwenye kipande cha shamba Ziwa, Moiben, Kakamega au Kisii. Wapo pia wakimbiaji wetu, waliogeuza zawadi za mbio za ng'ambo kuwa maghorofa ya kupangisha. Watu wa maneno machache hao, hawakuahidi ghorofa, waliijenga. Lakini wakimbiaji ni wachache. Wengi ni yule mlinzi na mabati yake kumi, na yeye pia hayumo kwenye hotuba. Si mnufaika wa mradi, si mwekezaji, hana ufunguo wa kupokea kwa sababu kufuli amelinunua mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza nanyi juu ya Sheria ya Fedha ya 2023, kazi yenu iliyonistaajabisha kuliko zote. Ndani ya sheria hiyo hiyo moja mlifanya mambo matatu. Mlianzisha makato ya nyumba, asilimia 1.5 kwangu na 1.5 kwa mwajiri, ili nipate nyumba ya bei nafuu. Mkapunguza ushuru wa mapato ya kodi kwa wenye nyumba za kupangisha, kutoka asilimia 10 hadi 7.5, kuanzia Januari 2024. Na mkaweka tozo ya asilimia 17.5 juu ya klinka ya kutengenezea saruji na juu ya vyuma vya ujenzi vinavyoagizwa kutoka nje. Someni tena polepole. Mpangaji mlimwongezea mzigo, landilodi mkampunguzia, na yule mlinzi anayejijengea mwenyewe mkamgusia saruji na nondo. Kisha mkaja Eldoret kusema kwamba serikali iko upande wa hasla. Haikuwa uongo, jamani. Mlikuwa upande wake kweli, ule wenye mfuko.

Landilodi wangu hakutaja ile nafuu ya asilimia mbili na nusu. Pengine hakuisikia. Habari njema za namna hiyo hufika kwenye ploti kwa shida sana, lakini habari ya bei ya tokeni za stima au ya maji kupanda hufika kabla ya gazeti.

Nisisahau ile miaka saba. Muswada wa 2023 ulipoletwa, mlituambia kwamba haya si makato, ni akiba. Asiyepata nyumba angerudishiwa mchango wake baada ya miaka saba. Nimefanya hesabu kwa kiwango cha sasa. Mshahara wangu ni 32,000, kwa hiyo mimi 480 na mwajiri 480, jumla 960 kwa mwezi. Kwa miaka saba ni shilingi 80,640 bila riba, pesa za kuanzia msingi wa vyumba viwili kule nyumbani. Sheria ilipotoka bungeni, kile kifungu cha kurudisha hakikutoka nayo. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato yenyewe yanakiuka Katiba. Mwaka uliofuata, Januari, Mahakama ya Rufaa ikakataa kuwaruhusu muendelee kukata wakati rufaa ikisubiriwa. Tarehe 19 Machi 2024 Rais akatia saini sheria mpya, na makato yakarudi kwa jina lile lile na kiwango kile kile. Mkianza kujenga kwa kasi ile mliyoitumia kurudisha makato, mimi mwenyewe nitaomba radhi hadharani na kuwapigia debe.

Hesabu nyingine niliifanya kwa ajili ya kujifurahisha. Nyumba ya shilingi milioni moja, ikilipiwa kwa hizo 960 zangu, inachukua miaka 86 na miezi kadhaa. Najua mtasema kwamba haikukusudiwa hivyo, kwamba mchango hauninunulii mimi nyumba moja kwa moja bali unaingia kwenye mfuko wa wote. Nimeelewa. Ndiyo maana nauliza: kama sinunui nyumba kwa pesa hiyo, na sirudishiwi, na sheria haisemi kwamba mchangiaji lazima apate, kuna ubaya gani mkinitaja kama ninavyostahili? Mimi ni mfadhili. Wafadhili wengine hupewa ubao wa shaba ukutani.

Jambo jingine ni jiji. Tarehe 15 Agosti 2024 Rais, ambaye ni jirani yetu wa Sugoi, alitukabidhi hati ya kuwa jiji la tano la Kenya. Tulicheza. Mimi pia nilicheza, sikatai. Mwezi uliofuata keateka akapita mlango kwa mlango na ujumbe wa landilodi: kwa kuwa sasa tuko jiji, kodi imetoka 5,500 hadi 6,000. Nikamuuliza keateka ni kitu gani kimebadilika kwenye chumba changu tangu tuwe jiji. Akaangalia dari, akaangalia ukuta wenye ukungu wa baridi ya Julai, akasema anuani. Choo bado ni kimoja kwa vyumba sita, na njia ya kuingilia bado ni tope mvua ikinyesha. Huo ndio ustawi wa jiji ulionifikia, na sina haja ya kuulaumu uongozi wa jiji kwa hilo, hawakumtuma. Lakini katika hotuba zote za siku ile, zilizogusa barabara, viwanja, wawekezaji na utalii wa michezo, hakuna aliyefikiria kwamba mji ukipanda cheo, kodi nayo hujipandisha.

Labda tatizo liko kwenye asili ya mji wenyewe. Ulianza na posta mwaka 1910, kwenye shamba nambari 64, katika nchi ambayo wafugaji wake walikuwa wamekwisha kuondolewa ili Makaburu wagawiwe mashamba. Wazee husimulia kwamba benki ya kwanza ilipoletwa, sefu ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawa nzito mno kuinuliwa, ikabidi ijengewe nyumba pale pale ilipoangukia. Ikiwa hadithi hiyo ni ya kweli, wa kwanza kupewa nyumba Eldoret bila foleni, bila dipoziti na bila kujisajili popote ilikuwa pesa. Tangu hapo sijaona ikikosa mahali pa kulala.

Sasa naomba niache mzaha kidogo. Katika kaunti hii, maneno ya wanasiasa juu ya nani akae wapi hayajawahi kuwa maneno matupu. Mwaka 1992 nyumba zilichomwa Burnt Forest. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, si mbali na hapa, walichomewa humo, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Maelfu wakalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mwezi wa Mei mwaka huo ikaja Operesheni Rudi Nyumbani, jina zuri, limetungwa na mtu anayejua kutunga: shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwa kila kaya, na 25,000 kwa aliyeharibiwa nyumba. Kwa karani wa hadiwea, 25,000 ni paa, pengine na mlango. Kuta mtu atajua mwenyewe. Wako ambao hawakurudi popote. Walitoka kwenye hema wakaingia kwenye ploti, na wanalipa kodi hadi leo wakiwa na kumbukumbu ya shamba ambalo hawaendi hata kulitazama.

Na mara moja, lazima niseme kweli, jukwaa la Eldoret lilimkumbuka mtu asiye wa hapa. Januari 2022 seneta mmoja alitaja madoadoa ya kuondolewa, neno ambalo hapa hueleweka kuwa watu wa makabila mengine. Alikamatwa siku iliyofuata, akasema ameeleweka vibaya, na kabla mwaka haujaisha akawa waziri. Mpangaji anapoomba kutajwa, waheshimiwa, haombi kutajwa hivyo. Ukiwa na nyumba yako na ukisikia neno kama lile, unafunga mlango. Ukiwa umepanga, unaanza kufikiria nani atakubebea godoro.

Basi nije kwenye kile ninachotaka mkiseme. Iko sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296. Inasema mpangaji asipandishiwe kodi kiholela, asitupiwe vyombo nje bila utaratibu, na inampa baraza la kumsikiliza. Ni sheria nzuri. Ina sharti moja: inahusu nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa miongo kadhaa bila kuguswa, wakati mifuko ya saruji, mishahara yenu na idadi ya nyumba mnazoahidi vyote vimepanda. Bedsita ya Kapsoya haipatikani kwa bei hiyo, hata ukiizidisha mara mbili. Hapa Langas utapata chumba cha mabati, ukiwa na bahati na jirani mwema. Anayelipa 2,501 mbele ya sheria yenu ni tajiri wa kujitetea mwenyewe. Kwa hiyo mimi wa 6,000 ni tajiri mara mbili na zaidi, na naomba hadhi hiyo itambuliwe mtakapogawa mialiko ya chakula cha jioni.

Mwaka 2021 ulikuwepo muswada wa wenye nyumba na wapangaji, uliotaka kuziweka pamoja sheria hizi za zamani. Bunge lile lilimaliza muda wake 2022 bila muswada huo kuwa sheria. Kifungu cha makato, kilipobatilishwa na mahakama, kilipata mrithi ndani ya miezi minne. Sisemi kitu. Mimi ni karani, naona tu mzigo upi hutoka stoo haraka na upi huota vumbi.

Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yenye hali ya kuridhisha. Haikusema kila mmiliki. Haikusema kila aliyesajiliwa kwenye tovuti ya nyumba ya Boma Yangu, ingawa nimejisajili, na nambari yangu ninayo. Imesema kila mtu, pamoja na yule ambaye hatamiliki nyumba mjini maishani mwake na wala hataki, kwa sababu anajenga kwao na hapa anatafuta tu chumba kisichovuja, kwa kodi isiyopanda kwa sababu ya sherehe.

Kwa hiyo sentensi yangu nimewarahisishia, nimeiandika kabisa ili waandishi wenu wa hotuba wasihangaike: kwamba kiwango cha shilingi 2,500 kitapandishwa kiendane na kodi ambazo watu wanalipa leo, na kwamba mwenye nyumba aliyepunguziwa ushuru asiruhusiwe kumwongezea mpangaji mzigo bila kumpa notisi na sababu. Ni fupi, inaingia baina ya salamu na ahadi. Haina picha nzuri, najua, na hakuna ufunguo wa kuinua mbele ya kamera. Lakini isemeni, halafu muipeleke bungeni kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, wakati bado mnahitaji kupita Langas.

Ni mimi, mchangiaji wenu wa shilingi 480 kwa mwezi,

Mpangaji, Chumba Nambari 9.